Chumba cha Bure, Bustani ya Mwenyewe

Wanangu, hasa nyinyi mnaoshuka kutoka Ganze, Bamba, Kinango na bara kuja kutafuta riziki Mtwapa, Shanzu, Nyali na Diani, nina neno nanyi kabla hamjajitwika mabegi. Kazi inayonadiwa sana siku hizi pwani kwetu ni ile ya chumba cha bure. Mwenye nyumba amemaliza kujenga, nyumba inang'aa, lakini uwanja umebaki kifusi, magugu na mawe ya matumbawe. Nyuma kuna chumba cha mtumishi, kimoja, chenye bati juu na choo pembeni. Anatafuta kijana mwaminifu. Kijana atakaa humo bila kodi, naye ataitengeneza bustani na kuitunza. Mshahara hakuna, au kuna kitu kidogo cha sabuni. Mwenyewe anajiona ametenda hisani, na kijana aliyekuwa akilala na wenzake wanne katika chumba kimoja Kisauni anaona Mungu amemkumbuka.

Nimetunza bustani za watu na za mahoteli tangu nikiwa na umri wenu, na mpaka leo wenye nyumba huja kuniuliza kama namjua kijana wa kuwekwa. Kwa hiyo nasikia ya pande zote mbili. Sisemi mkatae. Wapo waliokaa vyumba hivyo wakasoma, wakaoa, wakatoka na heshima zao. Ninachosema ni kwamba usimwachie mtu mmoja ashike kazi yako na kitanda chako kwa mpigo, bila hesabu na bila karatasi. Siku akikasirika, utavipoteza vyote viwili kabla ya magharibi.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo vijana wengi hufumba macho. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 31, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi wake nyumba ya kufaa, ama ampe fedha za kodi juu ya mshahara. Shikeni hayo maneno: juu ya mshahara. Amri za mishahara zimeliweka jambo hilo kwa tarakimu, kwamba posho ya nyumba ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Katika amri iliyoanza Novemba 2024, kibarua wa kawaida, na mtunza bustani ametajwa humo humo katika kundi hilo, kiwango chake cha chini kwa Mombasa, Nairobi, Kisumu na Nakuru ni shilingi 16,113.75 kwa mwezi. Asilimia 15 yake ni kama shilingi 2,417. Gawanya mshahara ule kwa siku 26 za kazi, unapata kama shilingi 620 kwa siku. Basi kwa kipimo cha serikali yenyewe, chumba kile kina thamani ya siku nne za kazi kwa mwezi. Nne! Nawe unatoa ishirini na sita.

Mtaniambia, babu, Nyali hakuna chumba cha shilingi 2,417. Kweli hakuna. Haya, tuseme kingepangishwa kwa 4,000, au hata 5,000 kwa kuwa kina stima na geti. Bado ni siku saba au nane za kazi. Zile kumi na nane zilizobaki unamfanyia nani, na kwa malipo gani? Najua miji midogo ina viwango vya chini kuliko Mombasa, lakini na kodi zake pia ni za chini, kwa hiyo jibu haliendi mbali na hapo. Hesabu hii ifanyeni usiku wa kuamkia kuonana na mwenyewe. Ukiifanya ukiwa tayari umeshatandika godoro, umechelewa.

Kuna jambo jingine ambalo mtu asiyeijua kazi yetu halioni, na wenye nyumba wengi hawalioni pia, wala si kwa ubaya. Kodi ya chumba ni ileile kila mwezi, lakini jasho la bustani humwagika karibu lote mwanzoni. Ardhi ya ufuoni kwetu ni mwamba wa matumbawe. Ukipiga jembe, linakurudia. Shimo la mnazi mmoja linataka mtaimbo na sururu, na kabla hujafika la kumi viganja vimepasuka. Halafu lori linamwaga udongo mwekundu nje ya geti, maana ndani haliingii, na udongo huo unausukuma kwa wilbaro mpaka nyuma ya nyumba. Samadi vivyo hivyo. Ukoka hupandwa kipande kwa kipande, umechutama, mvua za masika zikikaribia, ili masika yakumwagilie. Ukipitwa na masika, utabeba ndoo. Na ikifika Januari kaskazi inavuma, kisima kimeingia chumvi, na miche ya mwaka wa kwanza haina subira. Siku mbili bila maji mazuri, majani yanaungua kingoni.

Baada ya masika mawili mambo yanageuka. Ua la bogenvilia limefunga, ukoka umeshikana, minazi imekamata mwamba. Iliyobaki ni kukata nyasi, kupogoa, kuzoa majani ya mkungu na kumwagilia asubuhi. Kazi ya saa mbili kwa siku. Hapo ndipo mwenyewe huanza kukitazama chumba kile kwa jicho jingine, kwa sababu sasa dirisha lake linaangalia bustani, na wewe ndiye uliyeitia dirishani.

Nilimwona kijana mmoja akiyapitia haya tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa nilikuwa nikimpa vipandikizi vya miasumini kutoka kitalu changu. Aliingia uwanja ukiwa kifusi kitupu. Akavunja mwamba, akapanda minazi mifupi kando ya ukuta, akachonga mawe ya matumbawe yale yale aliyoyachimbua akayapanga kuwa njia ya miguu kutoka getini hadi barazani, inapinda polepole kuukwepa mwarobaini mkubwa uliokuwapo. Wageni wa nyumba ile walikuwa wakiipiga picha njia ile. Yeye mshahara hakuwa nao. Alikuwa na chumba, na mia tano za hapa na pale. Bustani ilipokamilika, mwenyewe akaamua kuipangisha nyumba kwa watalii kwa siku, na chumba cha nyuma kikatakiwa kiwe cha mpishi. Kijana aliambiwa Jumamosi asubuhi. Jioni yake godoro lilikuwa limefungwa kwa kamba juu ya bodaboda, na hata panga alilokuwa akilinoa mwenyewe likabaki, kwa hoja kwamba ni la nyumba.

Alipokuja kwangu kuuliza atadai nini, nilimwuliza ana nini mkononi. Hakuwa na barua wala daftari. Yote waliyapatana wakiwa wamesimama getini. Na mwenyewe alipopigiwa simu alishikilia kwamba yule alikuwa mgeni wake, alimsitiri tu, na mgeni kusaidia uani ni adabu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa jembe siku ya kwanza, na siku ya kufukuzwa ndipo alipoambiwa kumbe alikuwa mgeni.

Msidhani mambo haya yameanza na nyumba za watalii. Kwetu yana umri. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, na katika ukanda wa pwani ya Kenya mwaka 1907, waliokuwa watumwa hawakugawiwa ardhi. Wengi walibaki kwenye mashamba yaleyale ya karafuu na minazi kwa mapatano: kaa, jenga kibanda chako, panda muhogo wako, nawe palilia chini ya mikarafuu ya mwenyewe. Kodi haikuwapo. Sharti lilikuwapo, na hilo ndilo nataka mlishike: mazao ya msimu ruhusa, mti wa kudumu marufuku. Muhogo panda, mnazi usipande. Pwani yetu mti huweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwenyewe mwingine, na aliyepanda mnazi ana kitu cha kudai mbele ya wazee. Mwenye shamba alilijua hilo vizuri. Akataka mikono ya mtu, asitake mizizi yake. Siasa za Unguja zilipochacha baada ya uchaguzi wa 1957, maskwota wengi, yaani wakaazi wa mapatano kama hayo, walifukuzwa mashambani kwa sababu ya upande wa siasa waliousimamia, na miaka yote ile ya palizi haikuwasaidia kitu.

Bara ya Kenya jambo hili lilikuwa na sheria kabisa. Mwaka 1918 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya vibarua wakaazi katika mashamba ya masetla. Mwafrika aliruhusiwa kuishi na kulima kipande ndani ya shamba la Mzungu kwa sharti la kumfanyia kazi siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Miaka ya 1940 halmashauri za masetla sehemu kadhaa zikapandisha hadi siku 240 na 270. Na ng'ombe wa maskwota walikuwa wameshaanza kuondolewa zamani. Ile kampeni ya mwishoni mwa miaka ya 1920 watu waliiita kifagio, na mwenye masikio anajua kwa nini. Sasa chukua kijana wa leo anayefanya kazi siku 26 kwa mwezi kwa ajili ya chumba. Kwa mwaka ni siku 312. Setla wa 1918 alitaka 180, na juu yake alikuwa akilipa ujira, ingawa wa kusikitisha.

Sisemi kila mwenye nyumba wa Nyali ni setla. Wengine ni watoto wetu wenyewe walioko Uingereza, Ujerumani na Ghuba, wamejinyima miaka mingi wakajenga, na wanaogopa nyumba isivunjwe wakiwa mbali. Hofu yao ni ya haki. Lakini hofu yao ndiyo inayokufunga wewe, kwa maana anachokinunua kwa chumba kile si bustani peke yake. Ananunua uwepo wako ndani ya ua usiku na mchana. Utamwagilia asubuhi, utafungua geti la gari la maji mchana, utampokea fundi, utalisha mbwa, na saa nane za usiku mbwa hao wakibweka utatoka na tochi. Ukienda arusini Mariakani, simu inaita: uko wapi? Katika amri za mishahara mlinzi wa usiku ana kiwango chake, na ni kikubwa kuliko cha mtunza bustani. Wewe umefanywa wote wawili, na keateka juu yake. Sheria inakupa angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Iombe kwa jina lake siku ya kwanza: Ijumaa yangu, au Jumapili yangu, siko. Ukiizoeza nyumba kukuona siku saba, ukipotea moja utaitwa mtoro.

Hapa niseme na mabinti, maana siku hizi nao wanazifanya kazi hizi, na kwenye kitalu wengine wana mkono mwepesi kuliko wavulana. Mwanangu, angalia mlango kabla ya kuangalia bustani. Komeo la ndani lipo? Funguo za chumba ziko ngapi, na ya pili anayo nani? Mwanamume anayekaa peke yake akikwambia chumba ni bure na kazi "tutaona tu", ondoka. Kazi isiyotajwa mapema itatajwa usiku.

Kisha kuna wale washauri wa vijiweni wanaowaambia: kaa hapo kimya, miaka 12 ikipita uwanja ni wako. Wamesikia nusu. Sheria ya Kenya inayo kanuni ya miaka 12, lakini ni kwa aliyeikalia ardhi ya mtu waziwazi, mfululizo, bila ruhusa ya mwenyewe. Wewe uliingia kwa ruhusa, ukapewa ufunguo mkononi. Hata ukikaa miaka thelathini kwa ruhusa ile, utakuwa umekaa kwa ruhusa. Nimeona kijana anapitwa na kazi nzuri, hajifunzi ufundi, haoi, anangojea kiwanja kisichokuja. Bora angeidai mishahara ya miezi yake.

Na wale Wazungu vijana? Mnawaona Kilifi na Watamu wanachimba mashimo ya miti, wanalala bure, wanakula, wanacheka, na mnajiambia mbona wao wanafanya vilevile. Utaratibu ule ni wa zamani. WWOOF, kwa mfano, ulianzia Uingereza mwaka 1971, mgeni anasaidia kwenye shamba la kilimo hai, naye anapewa chakula na malazi. Kwake ni safari. Ana kwao, ana tiketi ya kurudi, na akichoka saa sita mchana anakwenda kuogelea. Msijipime na mtu huyo. Kwenu mama anangoja ada ya mdogo wako muhula ujao, na ada hailipwi kwa chumba.

Mshahara usiopita mkononi una ubaya mwingine ambao vijana hawauoni mpaka waugue. Hakuna mchango wa NSSF unaokwenda kwa jina lako, wala wa bima ya afya ya SHA unaokatwa na kulipwa. Na bustani huumiza. Slasha hurusha jiwe, kuti kavu huanguka, ngazi huteleza, nyoka hulala chini ya rundo la majani. Sheria ya fidia kwa majeraha ya kazini ya 2007 inambebesha mwajiri gharama za mfanyakazi aliyeumia kazini. Lakini mtu aliyekuita mgeni kwenye chumba chake, siku ile ya damu atakumbuka kwamba hakuwahi kukuajiri. Kwa hiyo neno "ajira" lipatikane mahali fulani kwa maandishi kabla ya panga kuguswa. Mwenye kukupangia saa, kukupa vifaa na kukuamrisha cha kufanya ni mwajiri, hata akijiita mjomba.

Sasa niwaambie mapatano yanayofaa yakoje, kwa sababu yapo. Kijana wa chuo, ana masomo mchana, anahitaji mahali pa kulala. Mwenyewe ana bustani iliyokwisha kukomaa. Wanakubaliana kazi ya muda wa saa mbili kila asubuhi, siku sita. Wiki ya kawaida ya kazi katika amri ile ya mishahara ni saa 52, kwa mwezi ni kama saa 225, na ukigawanya 16,113.75 kwa saa hizo unapata shilingi 71 na ushei kwa saa. Saa mbili kwa siku sita za wiki ni kama saa 52 kwa mwezi, yaani takriban shilingi 3,700. Chumba kimoja cha uani kinaweza kulingana na hiyo. Hapo hakuna aliyemnyonya mwenzake. Ikifika saa nne asubuhi, kijana ameshaoga, ameondoka, na jioni akirudi ni mpangaji kama mpangaji mwingine yeyote, anapokea wageni wake na hakuna wa kumtuma.

Bustani ikiwa haijaanza, mambo ni mengine. Kuvunja mwamba, kubeba udongo, kupanda ukoka, kujenga njia ni kazi ya mkataba, na bei yake ni fedha taslimu. Pima uwanja kwa hatua, hesabu mashimo, taja bei ya shimo, bei ya kila lori la udongo unaosukuma ndani, bei ya ukoka kwa mraba. Mwenyewe akisema ni ghali, mwambie atafute fundi mwingine ampe bei, mtakutana katikati. Chumba kiwe cha kazi ya kutunza itakayofuata, na ukitaka kulala humo wakati wa ujenzi, kodi yake ikatwe kwenye malipo kwa kiasi mnachokitaja wote wawili. Mkishataja kiasi, mmeshaua ugomvi nusu yake.

Na maji. Msicheke. Nimeona bustani inanyweshewa maji matamu ya lori, huku mtunzaji wake akipikia maji ya kisima yenye chumvi. Sheria ileile ya Ajira inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maji safi ya kutosha. Kabla hujakubali, fungua bomba la chumba uyaonje.

Karatasi yenyewe haitaki wakili. Ukurasa mmoja, lugha mnayoielewa nyote. Jina lake na lako, tarehe, kazi ni zipi na zipi si zako, saa ngapi, siku gani hupo, fedha kiasi gani na zinalipwa lini, chumba kinahesabiwa kwa kiasi gani, stima analipa nani, vifaa ni vya nani, na mkiachana kila mmoja ampe mwenzake taarifa ya siku ngapi. Msiandike chini ya siku 28. Mkataba wa kazi ya miezi mitatu au zaidi sheria inataka uandikwe, na anayetakiwa kuuandika ni mwajiri. Asipouandika, mkafika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha masharti yalikuwaje unamwangukia yeye. Lakini usijiegemeze hapo. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la shule linauzwa kila duka. Andika kila siku ulichofanya, hata mstari mmoja: leo mashimo mawili, leo nimepogoa ua la upande wa bahari.

Wenye nyumba walioko ng'ambo hupenda kutumiwa picha kwenye WhatsApp. Watumieni, na mzihifadhi. Picha ya ukoka uliopandwa, yenye tarehe, chini yake jibu lake "kazi nzuri, sasa malizia upande wa geti", ni ushahidi mzuri kuliko mashahidi watatu wa getini. Fedha ziingie kwa M-Pesa, hata kama mwenyewe yuko hapo na noti mfukoni. Kitambulisho chako mpe akitazame, akipige picha akitaka, akurudishie papo hapo. Panga na sururu ulizonunua kwa fedha zako zitie alama kwa rangi, na ziandikwe kwenye karatasi ile. Na uwe na mahali pengine pa kulaza kichwa: kwa shangazi, kwa rafiki, popote ambapo begi linaweza kufika usiku mmoja bila kuulizwa maswali. Mtu mwenye pa kwenda huzungumza na mwenye nyumba kwa sauti nyingine.

Nyinyi mnajua kufanya jiwe la matumbawe litoe maua. Mnajua mti upi unastahimili upepo wa chumvi na upi utakufa kabla ya kusi kwisha, mjohoro uwekwe wapi usile msingi wa nyumba, asumini ikatwe lini ichanue tena. Wenye mahoteli hulipia maarifa hayo. Msiyatoe kwa bati na kuta nne.

Na yule ambaye ameshatolewa nje na begi lake, asikae kijiweni akilaani. Kusanya ujumbe, picha, daftari, na majina ya waliokuona ukifanya kazi, nenda ofisi ya kazi ya kaunti ukaeleze. Mambo mengi humalizikia hapo kwa mwajiri kuitwa tu. Ikishindikana, iko mahakama ya ajira na mahusiano ya kazi. Sheria inaweka ukomo wa miaka mitatu tangu siku dai lilipozuka. Msingoje mwaka wa tatu.